Talaka Isiyotamkwa

Mahakama ya dini ya wilaya yetu, hapa Java, ina mashine ya kutoa namba za foleni na bango mlangoni lisemalo "Tunakuhudumia kwa Tabasamu". Tabasamu lenyewe sijaliona, na mimi nimekaa ng'ambo ya barabara nikikaanga tempe, vipande vya soya iliyochachushwa, mwaka wa kumi na tisa sasa. Lakini habari za mle ndani hunifikia kabla mafuta hayajapata moto. Mwanamke akitoka kwa hakimu haendi nyumbani moja kwa moja. Anakuja kwenye benchi langu, anaagiza kahawa, anasema. Mimi huwa namsikiliza tu. Nikisimulia, nasimulia kwa watu wachache, wale waliopo.

Msimu wetu ni wiki moja baada ya Idi. Watu wametoka kupigiana magoti na kuombana msamaha, wamepiga picha na sare zao, vyakula vya sikukuu bado viko mezani. Ikifika Jumatatu wamejaa uani kuachana. Katikati ya umati huo, mwaka huu, nikamwona Wigati.

Wigati ni fundi cherehani wa kijiji cha pili. Kila mtu alijua ameachika miaka kumi na moja iliyopita, kwa hiyo nikamwita Mbak, yaani dada, kama Mas kwetu ni kaka, Bu ni mama na Pak ni baba: "Mbak Wigati! Umekuja kuachana na nani tena, na cherehani?"

"Nimekuja kuchukua cheti cha talaka, Bu Ngatmi. Naolewa."

Nusura niangushe upawa. Mchumba mwenyewe ni Pak Ponidi, mgane, fundi wa pampu za maji, mtu ambaye akisema maneno saba kwa siku amehutubia. Wazee wa pande zote mbili walikuwa wameshajumlisha siku za kuzaliwa za hao wawili kutafuta siku njema ya harusi, kama tufanyavyo, na hesabu ikatoka mwanzoni mwa Mfungo Tatu. Ikipita hapo ni Mfungo Nne, na sisi Wajawa mwezi huo hatuozi hata kuku.

"Sasa cheti cha nini, na ile barua yako ipo?"

"Msajili wa ndoa ameitupa. Anataka cha mahakama."

Barua hiyo naijua, aliwahi kunionyesha. Imeandikwa na Juwono, mumewe, enzi hizo akiwa karani wa kijiji: "Juwono amemwacha Wigati, na kijiji kinashuhudia." Mihuri mitatu. Mtu kajiandikia talaka, kajigongea muhuri, kajishuhudia, kisha kampelekea mke kwa mkono.

Nikamwachia jirani karai langu, nikavuka naye barabara. Kumsindikiza tu, maana mwanamke hafai kwenda mahakamani peke yake.

Pale dirishani tulimkuta Mas Fajri, kijana wa masjala, mwenye miwani na mafua yasiyoisha.

"Namba ya kesi?"

"Siijui, Mas."

"Aliyefungua ni nani, wewe au mume?"

"Mume."

Akaenda nyuma, akarudi na daftari kubwa lililoliwa pembe na mchwa. Kidole kikashuka ukurasa mmoja, wa pili, wa tatu, kikasimama.

"Hii hapa. Mume ameomba ruhusa ya kutamka talaka mbele ya mahakama. Ruhusa imetolewa. Siku ya kutamka imepangwa." Akapenga kamasi. "Mume hakufika."

"Hakufika siku hiyo?"

"Siku hiyo, na miezi sita iliyofuata. Safu ya kutamka iko tupu, Bu. Ruhusa ikafa."

"Cheti changu je?"

"Cheti cha nini? Talaka haipo. Wewe ni mke wa mtu."

Mama mmoja aliyeshika namba arobaini na saba akaninong'oneza, "Mke wa nani?" Ningefanyaje, mtu mzima kaniuliza kwa adabu? Nikamjibu: "Wa Pak Juwono, lurah, mkuu wa kijiji cha pili."

"Yule wa mabango?"

Yule yule. Juwono alikuwa anagombea tena, na kila nguzo ya umeme kutoka sokoni hadi makaburini ilikuwa na sura yake na maneno "Juwono, Mtu wa Kukamilisha".

Tuliporudi kwenye benchi, Wigati alikunywa maji glasi mbili bila kupumua, ndipo akakumbuka. Siku iliyopangwa na mahakama iliangukia siku ile ile ya kalenda ya Kijawa aliyofia zamani baba yake Juwono. Siku kama hiyo kwetu huanzi jambo wala humalizi. Bwana akafunga madirisha, akajilaza. Kesho yake, badala ya kwenda kuomba tarehe nyingine, akachukua kalamu na muhuri.

"Aliniambia kila kitu kimeisha," Wigati akasema. "Hata sahani zangu alinirudishia, Bu Ngatmi. Zimefungwa kwenye magazeti, moja moja."

"Na Bu Endah naye ni nani kwake?"

Akanitazama. Endah ni mke wa pili wa Juwono, aliyeolewa barazani mbele ya shehe mwaka wa pili baada ya hapo. Sasa tukaelewa kwa nini hana kitabu cha ndoa. Vitabu vya wake huwa vya kijani, na Juwono alikuwa amemwambia kwamba vya kijani vimeadimika. Miaka tisa serikali haina karatasi ya kijani!

Mas Fajri, ambaye ukimpa tempe ya moto mafua hupungua, akamweleza Wigati njia. Afungue kesi yeye mwenyewe. Mume akiitwa mara mbili asipotokea, hakimu anaamua bila yeye, mambo yanakwenda upesi. Akitokea, lazima wakae kwanza kwa msuluhishi, na huko hata mwezi unaweza kwisha.

"Yaani tunachohitaji ni asije?" nikauliza. "Basi kesi tumeshinda! Kutokuja si ndiyo kazi anayoiweza?"

Mwanamume hana jema. Wito wa kwanza tu, akaja. Gari la kijiji, batiki mpya, wapambe sita. Hakuingia ndani, alikuja kwanza kwenye benchi langu, alikokaa Wigati.

"Bu Ngatmi," akaanza, "nasikia watu wananisema."

"Watu gani hao, Pak Lurah? Karibu tempe."

Akamgeukia Wigati kwa ile sauti yake ya kwenye vipaza. "Dik Wigati, mdogo wangu, ya nini kuaibishana? Ngoja uchaguzi upite. Baada ya hapo nitakuacha vizuri, kwa heshima."

"Uliniacha kwa heshima mara ya kwanza, Pak Juwono. Ile heshima bado sijaimaliza."

Watu wakacheka, na wapambe wawili pia, wakajisahau. Juwono akawa mwekundu. Akasimama, mkono kifuani. "Basi mashahidi ni nyinyi! Mimi, Juwono, namwacha Wigati, sasa hivi, hapa hapa!"

Tulikuwa watu kumi na wanne na sinia la ndizi za kukaanga. Kuna aliyepiga makofi. Mas Fajri, aliyefuata kahawa yake, akasema bila kuinua macho kwenye kikombe, "Hakimu yuko ng'ambo ya barabara, Pak. Hapo umeziacha tempe."

Ndipo ikafika pikipiki. Endah akashuka, kofia ya chuma bado kichwani, karatasi mkononi. Nani alimpelekea habari sijui, na msiniangalie mimi.

"Mas Juwono," akasema taratibu, jambo lililotutisha zaidi ya kelele. "Hiki ni cheti cha kuzaliwa cha mwanao. Jina la mama lipo. Jina la baba hakuna, kwa kuwa kitabu cha ndoa hakuna. Mwalimu ameniuliza baba wa mtoto ni nani. Unajua nimefanyaje? Nimemwonyesha nguzo ya umeme."

Hakuna aliyecheka hapo. Mafuta yangu yakaungua, nikayaacha yaungue.

"Ingia ndani," Endah akamwambia. "Kubali kila kitu. Usiseme neno 'uchaguzi'."

Akaingia. Msuluhishi alikuwa hajamaliza chai yake walipokubaliana. Hukumu ikatoka wiki iliyofuata, zikangojwa siku kumi na nne kama atakata rufaa, hakukata, na mwishoni mwa Mfungo Pili Wigati akaitwa dirishani. Nami nilikuwepo, kwa kuwa ndoo yangu ya maji ilikuwa inapita upande huo.

Alikipokea cheti kwa mikono miwili. Akakisoma chote, pamoja na mihuri, midomo ikitembea.

"Usikitie plastiki," Mas Fajri akamwonya. "Na usiolewe kabla ya siku tisini."

"Tisini za nini tena?"

"Eda, Bu. Ihakikishwe huna mimba ya mumeo."

Foleni ililipuka. Mimba! Ya mtu ambaye hawajalala nyumba moja tangu wagawane sahani! Sisi tukishika mbavu, Wigati hakucheka. Alikuwa anahesabu kwa vidole. Mfungo Tatu umekwenda. Mfungo Nne haufai. Wazee wa upande wa Ponidi walikwishasema kwamba hesabu ikivunjika si dalili njema, na kuna binamu mmoja, mjane, anapika vizuri, hana kesi mahakamani.

Jioni ile Pak Ponidi alikuja kwenye benchi, mikono ina grisi. Wigati akamweleza kila kitu bila kumtazama. Mzee akanywa kahawa yote hadi machicha.

"Wazee watajumlisha upya," akasema. "Siku zipo nyingi. Mimi huyo binamu simtaki."

Hayo ni zaidi ya maneno saba. Nilihesabu.

Endah naye, Juwono alipomwambia sasa kitabu cha kijani kimepatikana, twende tukaandikishwe, alikwenda kwanza kwa Mas Fajri. "Mas, mimi nikitaka kumwacha huyu, nachukua namba ipi?"

"Ndoa yenu haimo kwenye daftari lolote, Bu. Hapa hakuna cha kuvunja."

"Kwa hiyo naondoka tu?"

"Unaondoka tu."

Akanishukuru kwa kahawa, akaenda kumchukua mtoto na nguo zake. Juwono akaingia kwenye uchaguzi akiwa na wake sifuri, na kura zake nazo, jamani, tuyaache.

Siku tisini zilipotimia, wazee wakapata siku nyingine, wakadai ni nzuri kuliko ya kwanza. Tulijaa nyumbani kwa Wigati hadi mlangoni. Msajili wa ndoa akafungua jalada lake, akasema kabla hatujaanza anataka kile cheti chenyewe, si kivuli, maana kinabaki ofisini.

"Kinabaki?" Wigati akakishika kwa nguvu. "Mimi nibaki na nini?"

"Utabaki na mume, Bu."

Wigati akamwangalia Pak Ponidi, akakiangalia cheti, akamwangalia tena Pak Ponidi. Kisha akampa mpwa wake ufunguo wa pikipiki, amkimbize msajili na cheti hadi kwenye duka la fotokopi, watoe nakala nne.

Harusi ikasimama nusu saa. Bwana harusi alikaa na mkono umeshanyooshwa kwa walii wa bibi harusi, hakuurudisha, na hakusema hata neno moja.