Hodi Tatu za Bonde la Shungi

Niliota usiku wa jana, na kabla sijasema niliota nini, jueni kwanza kwamba mimi kwa kutembea sina mpinzani. Kilima kikiniona kinainama chenyewe. Nilimwambia hivyo hata binamu yangu, dada Mwanakheri, anayeongoza wageni kwa miguu hadi Bonde la Shungi, kule pwani ambako gari halifiki.

Akanijibu, "Haya, Kombo. Fika bondeni kwa miguu yako, Jumamosi utaongoza wageni pamoja nami. Ukibebwa hata hatua moja, utabaki kambini kumenya viazi."

Basi, ndotoni nimeshatoka. Mgongoni nina shanta, na ndani yake nimetia mto, sufuria mbili, tikiti maji na pasi ya umeme.

Hata nusu saa haijaisha, shanta linakohoa.

"Kombo, sheria ya safari unaijua?"

"Naijua. Mzigo unabebwa kwa zamu."

"Basi zamu yako imekwisha."

Linashuka, linasimama juu ya mikanda yake miwili kama kitu kilichozoea, linajifungua zipu na kunitumbukiza ndani, shavu kwenye tikiti. Sikubishana. Sheria ni sheria, na tena miguu ilikuwa inaniuma.

"Pasi ya nini huku porini?" linauliza likipanda kilima.

"Kutakuwa na kupiga picha, bwana."

Nachomoza kichwa. Mbele naona nyumba yenye paa la kijani. Nikapiga hodi.

"Mimi ni jiwe," inasema nyumba. "Na hiyo ni moja."

"Moja ya nini?"

"Kwa Shungi hodi ni tatu, kama kwa watu. Ya tatu isipoitikiwa, mgeni anageuza."

Nikashtuka, nikarudi ndani, kichwa kikagonga pasi. "Hodi!" nikapiga kelele, sijui kwa nini. Wengine huita mama yao.

"Mbili," likasema jiwe.

Mara kilima hakipo. Tuko mchangani, mbele ya mlango uliosimama peke yake, bila ukuta kulia wala kushoto. Ningeweza kuuzunguka, lakini nani alilelewa hivyo? Kaa mmoja amekaa kizingitini, amekunja magando.

Shanta linanitema. Nyuma ya mlango moshi unapanda na mwiko unagonga sufuria. Wenyewe wapo.

"Hodi!"

Kimya. Hata mwiko umeacha. Bonde zima linajifanya halipo.

"Geuza, baba," kaa ananiambia. "Hawataki mgeni leo."

Nageuka. Naviona viazi vya Jumamosi vimepanga foleni, vinanisubiri. Hapo akili ikanijia. Nikaurudia mlango, nikasema kwa adabu zote:

"Shikamoo, Bonde!"

Mchanga ukatetemeka. Miti ikauma midomo. Mtu mzima anaweza kuinyamazia hodi, lakini shikamoo? Inamwasha ulimi mpaka aijibu.

"Marahaba," likasema bonde. Kisha, "Ala! Kitoto hiki kimenipata! Haya, karibu. Viatu mlangoni."

Navua viatu, navipanga sambamba, nainua mguu kuvuka kizingiti. Naamka.

Niko kitandani kwangu, mjini. Simu inalia. Ni dada Mwanakheri, aliyekwenda Shungi tangu juzi kufyeka njia.

"Kombo, viatu vyako viko wapi?"

Nachungulia chini ya kitanda. Soksi tu.

"Kwa nini, dada?"

"Viko huku mchangani, vimepangwa kama vya mtu aliyeingia msikitini."

Nikaruka juu ya godoro. "Si nilikwambia! Nimefika! Jumamosi tunaongoza wote!"

"Kufika umefika, sikatai. Ila njia nimeikagua yote, kuanzia kilimani. Unyayo wako sijauona hata mmoja. Kuna alama za mikanda miwili tu, kulia, kushoto, kulia, kushoto. Nani alikubeba?"

"Dada, sikusikii vizuri. Mtandao huku unasumbua."

"Kombo," akasema, "niliyepanda juu ya jiwe kutafuta mtandao ni mimi. Wewe uko mjini."