Mayai Yaleyale

"Usiguse meza, mama. Weka jicho hapa kwenye hadubini tu," alisema daktari wa maabara.

Mama Panya alifumbata mikono nyuma. Jina hilo alilipata kwa kulisha panya weupe wa maabara, na alilivaa kama joho. Hakujipaka hata mafuta ya kunukia. Mayai ya panya hayapendi manukato, na daktari hataki mchezo.

Katika tone la kwanza, mbegu za dume mmoja zilikuwa zimelizonga yai. Vichwa vimeng'ang'ania ganda, mikia inapiga, mpaka yai likawa linazunguka polepole.

"Ee Mungu," alinong'ona.

Tone la pili lilikuwa na mbegu za yule dume mnene mwenye mbwembwe, ambaye majike wake hawashiki mimba. Ziliogelea kwa kasi, zikaligusa yai, zikapita zake.

"Mayai haya mabovu?"

"Yaleyale, mama, ya jike mmoja. Mbegu ndizo zilizokosa kitu cha kulitambua yai. Zinabisha hodi, lakini hazishiki mlango."

"Na kwa watu?"

"Hutokea. Ndiyo maana hospitalini hupimwa wote wawili, mume na mke."

Mama Panya aliondoa jicho kwenye hadubini. Ndoa yake yote aliitwa tasa, na marehemu mumewe hakuwahi kupimwa chochote ila suruali kwa fundi. Na jioni hii wifi yake anamrudisha mke wa mwanawe kwao, kisa tumbo halijajaa.

Njiani alisali. Hakumlaumu marehemu, aliomba ulimi wa kusema tu.

Aliwakuta ukumbini kwa wifi: wifi kitini, mwanawe ameegemea ukuta, binti wa watu kasimama na sanduku.

"Karibu, wifi. Umekuja kumsindikiza mwenzako? Tasa humjua tasa."

Mama Panya hakuvua koti lake la kazi. Alisimama wima, kidevu juu.

"Nimekuja kumzuia. Haondoki mpaka mwanao naye apimwe. Nitawapeleka mwenyewe, wote wawili."

"Mwanangu? Dume zima lile!"

"Hata panya wangu ni dume zima, wifi. Ungemwona anavyoringa."

Binti aliguna, kicheko kikamponyoka. Wifi akageuka kumkaripia, lakini sauti ilitoka ukutani.

"Mama," alisema mwanawe, macho chini, "acha nikapimwe."

Mama Panya aliuweka mkono wake, mkavu kwa sabuni isiyo na harufu, juu ya mkono wa yule binti. Vidole vilikuwa vimeng'ang'ania mpini wa sanduku. Vikaanza kulegea, kimoja kimoja.