Meno Thelathini na Saba

Mzee Hamdani alifumba macho, akaingiza kidole kwenye tundu la kujazia oili la difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, akanipa ishara kwa kidevu. Nikazungusha habu, kitovu cha gurudumu, polepole. Ndani ya chuma, jino baada ya jino lilipita chini ya ncha ya kidole chake, na midomo yake ikawa inacheza bila sauti kama ya mtu anayevuta tasbihi. Tulisubiri watatu: mimi, Dismasi dereva, na Sista Scola, aliyekuwa amekalia tairi kuukuu huku amekusanya vazi lake la kitawa lisiguse grisi.

"Thelathini na saba," alisema Mzee, akachomoa kidole. "Sawa na la nyuma. Tutafunga hili."

Ekseli mbili za mbele zilikuwa zimelazwa juu ya magunia. Moja ilitoka kwenye gari lililotumika kambi za wakimbizi. Ilikuwa safi, rangi yake bado nyeusi. Nyingine ilitoka kwenye gari la kubeba dagaa, na chumvi ilikuwa imeila mpaka inachubuka kama gome. Zote mbili Mzee alizihesabu. Zote mbili zilikuwa na meno thelathini na saba. Nani angechagua kutu?

"Chagua vizuri, Mzee wangu," Sista alisema. "Mvua ndizo hizi. Bila nguvu ya magurudumu ya mbele, gari letu halipandi. Na mimi kule juu nina wajawazito, sina mbawa."

Zahanati yake ilikuwa milimani, juu ya Mwandiga, mahali ambapo barabara ya masika ni utelezi mwekundu kwanza, kisha mawe matupu.

Katika gereji ile ya Ujiji kulikuwa na desturi moja: meno yaliyohesabiwa na Mzee hayarudiwi. Kurudia ni kumwambia mtu kwamba kidole chake kimezeeka. Mafundi walitoka mjini Kigoma kuja kumwona akihesabu, na mimi, mwezi wangu wa nne tangu nitoke chuoni, nilijiona nina bahati kumshikia habu.

Lakini chuoni walitufundisha kwamba ndani ya difu kuna gia mbili. Kubwa ndiyo inayofikiwa na kidole. Ndogo, pinioni, hukaa ndani zaidi na ndiyo inayoisukuma ile kubwa. Magari yote aliyoyajua Mzee yalitofautiana kwenye gia kubwa. Ndogo haikuwahi kumsumbua. Ile ekseli safi ilikuwa ya gari la toleo asilolizoea.

Adhuhuri alipokwenda msikitini nilibaki peke yangu. Nilibana habu moja kwa ubao, nikachora alama ya chaki kwenye shingo ya pinioni inayotokeza nje, nikazungusha habu ya pili mara mbili kamili. Alama ilizunguka mara tatu, ikaanza ya nne, haikuimaliza. Nikaenda kwenye ekseli ya kutu. Mara nne, na kidogo. Nikatambaa chini ya gari, kwenye difu la nyuma. Mara nne, na kidogo.

Maana yake ilikuwa wazi. Difu la mbele likiingizwa, magurudumu ya mbele yangetaka mwendo wake, ya nyuma mwendo wake. Kwenye tope yangeteleza na kusameheana. Kwenye mawe hayana pa kuteleza. Lazima kitu kikatike, na gari likikatika gia kwenye mteremko hurudi nyuma na waliomo.

Mzee alirudi na mihogo ya kuchoma ndani ya gazeti. Alinipa kipande kikubwa kwanza. "Kula, mwanangu, chuma hakikimbii." Nilikula. Tulifunga ekseli safi siku hiyo hiyo, na kila nati niliikaza mwenyewe.

Mtu mwoga hupenda njia ya pembeni. Nilimsubiri Dismasi mpaka alipokuja kuchukua gari.

"Mwakeye, Injinia! Mbona uso kama umemeza spana?"

"Kaka Dismasi, usiingize difu la mbele."

"Sasa limefungwa la nini, pambo?"

"Usiingize tu. Litavunja gari."

Alizima injini. "Mzee anajua?"

Nilitazama mikono yangu. Yeye akautazama mlango wa gereji, kisha akawasha tena. "Haya. Mimi sijaambiwa na mtu."

Siku ya tatu walirudi, gari limejaa tope mpaka kwenye vioo. Sista Scola alishuka kwanza, akatueleza. Mama mmoja aitwaye Devota alikuwa ameshikwa na uchungu tangu alfajiri; gari lilikwenda kumchukua likakwama kwenye utelezi, na dereva, mbele ya kijiji kizima kinachompigia kelele, alikataa kuingiza difu la mbele. Wanaume walimbeba Devota kwa machela. Alijifungulia njiani, katika shamba la migomba, mvua ikimnyeshea. Mama na mtoto walikuwa hai.

"Kwa rehema tu," Sista alisema. "Mzee, gari lina kasoro gani?"

Mzee Hamdani alilala chini ya gari, akagonga hapa, akatikisa pale, akatoka akijifuta.

"Gari zima. Mgonjwa ni dereva." Akamgeukia Dismasi. "Mwanamume mzima unaogopa kirungu cha gia! Mpeni baiskeli huyu."

Vijana wa bodaboda waliokuwa wanajaza upepo walicheka.

"Basi nitatafuta dereva mwingine," Sista alisema taratibu. "Samahani, Dismasi. Siwezi kuwabebesha watu machela tena."

Dismasi aliweka ufunguo juu ya boneti. Hakunitazama. Mpaka leo naamini kwamba kama angenitazama, hata mara moja, ningenyamaza.

"Mzee," nilisema, "mimi ndiye niliyemkataza."

"Wewe?"

"Pinioni ya mbele hailingani na ya nyuma. Niliizungusha."

"Lini?"

"Ulipokuwa msikitini."

Hakuna aliyecheka. Mzee alichukua jeki, akainua gari mwenyewe, akaomba chaki. Alizungusha habu mara mbili akiangalia alama, na ilipoishia kabla ya duara la nne alizungusha tena, upande wa pili, kana kwamba chuma kingebadili neno. Kisha akabaki amechuchumaa.

"Dismasi," alisema bila kugeuka, "nilichokuita, nimekirudisha. Chukua ufunguo wako."

Sista aliusogeza ufunguo kwa Dismasi.

"Na wewe." Sasa alinitazama. Hasira sikuiona, afadhali ningeiona. "Siku tatu ulikuwa nayo hesabu hii. Ukala mhogo wangu nayo. Ukaniacha nipeleke watu mlimani. Ndiyo heshima mliyofundishwa?"

Alinisukumia chaki, akanyoosha mkono kwenye ile ekseli ya kutu.

"Zungusha. Uhesabu kwa sauti, wote tusikie."

Nilipiga magoti. Nilihesabu kwa sauti ya chini, nimeinamia alama.

"Hatusikii," alisema Dismasi kwa upole.

Nikairudisha alama pale ilipoanzia. "Moja," nilisema.