Mbayuwayu wa Mzee Zakhar

Chai ya jioni katika bweni la pili ilinywewa kwa kopo moja. Gordei, aliyewasimamia wafungwa wenzake, aliichemsha mpaka ikawa nyeusi kama lami, akanywa mafunda mawili, akampa wa kulia kwake, naye mafunda mawili, hivyo hivyo hadi kopo lizunguke. Chai hiyo huitwa chifiri. Ikikuingia, unausikia moyo ukibisha hodi. Ila kopo halikufika kando ya mlango, alikolala Venyamin.

Venyamin alikuwa na kopo lake, lililotobolewa tundu ubavuni lisije likachanganywa na ya watu. Akinywa, aliliziba kwa dole gumba. Watu kama yeye waliitwa majogoo, na kambini jina hilo si sifa. Ukipokea kitu mkononi mwa jogoo, iwe mkate, maji, hata kiberiti, basi nawe umekuwa jogoo, na hakuna kurudi. Yeye mwenyewe aliponzwa na kiu. Siku aliyoshushwa kwenye behewa la wafungwa, koo limemkauka, alikuta kopo bombani akanywa. Tundu aliliona maji yakiwa yameshapita.

Baridi ilipokaza, Mzee Zakhar akaugua. Huyu alikuwa mwizi mwenye heshima zake: kanisa la makuba matatu limechorwa kifuani, kuba moja kwa kila kifungo, na nyota magotini, maana yake hampigii mtu magoti. Nyuma ya mkono wa kulia alikuwa na mbayuwayu wa wino wa buluu. Sasa mikono yote miwili ilikuwa imekufa ganzi. Wenzake wakienda msituni kukata magogo, bwenini walibaki yeye na Venyamin mfagiaji.

"Baba Zakhar, nikupe chai?"

"Kwa mkono upi?"

"Ninao huu huu."

"Basi kaa nao, mwanangu. Jela nzima haijaniangusha, nije kuangushwa na kopo?"

"Midomo imekupasuka."

"Imepasuka yangu, yako inakuwasha nini?"

Venyamin alichemsha hata hivyo. Akaketi mbali kama ilivyopasa, dole gumba tunduni, angalau mzee apate harufu. Harufu haikuwa na sheria.

Mbayuwayu akanyanyuka kutoka ngozini, akajikung'uta, akaruka hadi kwenye kopo lile. Alichota kwa mdomo, akarudi, akamdondoshea mzee. Akaenda tena, na tena. Mkononi pake palibaki baka jeupe.

"Nyepesi hii," alisema Mzee Zakhar. "Kesho ongeza majani, Venya."

Tangu ashuke behewani hakuna aliyekuwa amemwita kwa jina. Venyamin aliinama akajifanya anapepea moto.

Wakawa wanakunywa hivyo kila mchana. Mzee alisimulia jinsi mama yake alivyokuwa akitia kabichi chumvi, akamwagiza Venya avae soksi mbili, akamtania kwamba anafagia kama bibi harusi. Hadi mfungwa mwenzao Tolik, ambaye mdomo wake haukuwa na kitasa, alipoona madoa ya chai kwenye mto.

"Jamani! Mzee kalishwa na jogoo!"

Wakaketi kumhukumu.

"Umepokea mkononi mwake?" aliuliza Gordei.

"Nimepokea kwa ndege wangu. Ngozi yangu hiyo."

"Na ndege kanywa kwenye kopo la tundu?"

"Kanywa."

Gordei alivuta sigara yake hadi mwisho. "Ndege hana cheo," akasema. "Hawezi kushushwa. Mzee ni safi."

Mzee Zakhar alifariki mchana mmoja wa theluji, wengine wakiwa msituni. Venyamin hakuruhusiwa kumgusa, kwa hiyo mbayuwayu ndiye aliyemfumba macho, moja baada ya jingine, kwa ncha ya bawa. Kisha akaja akatua kwenye mkono wa Venyamin, juu ya dole gumba, akalala chini ya ngozi.

"Tatuu asiyoistahili!" Tolik alipiga kelele jioni. "Tumsugue kwa tofali itoke!" Ndivyo ilivyokuwa desturi.

"Ndege kachagua tawi lake," alisema Gordei. "Mwacheni."

Mtu mmoja akauliza kwa sauti ya chini, "Basi na Venya asogee mezani?"

"Nani kataja habari za Venya?"

Hakuna aliyekiri kuwa ametaja.

Tangu hapo kopo likizunguka, kila mtu hunywa mafunda mawili, kisha aliye karibu na mlango hulishikilia na kungoja. Mbayuwayu huja kutoka mlangoni, naye hunywa mawili yake, na wanaume wale wenye nyota magotini humsogezea kopo lisimtikisikie, humwambia, "Taratibu, ndugu, ni ya moto." Kisha kopo huendelea upande wa pili.

Naye Venyamin, kando ya mlango, huziba tundu kwa dole gumba, akangoja ndege amletee tone.