Marumaru ya Bibi Tolliver

Jua lilikuwa halijapanda mapaa ya Mtaa wa Lanvert, na tayari Verlene Gaskins alikuwa amepiga magoti mbele ya mlango wake, anasugua ngazi. Alinyunyiza sabuni ya unga, akakandamiza jiwe la kusugulia kwa viganja vyote viwili, kisha akamwaga maji. Huku Baltimore Mashariki kila nyumba ina ngazi za marumaru nyeupe, na mwanamke aliyeziacha zake ziingie weusi alisemwa mpaka kanisani. Siku hizi nusu ya milango imezibwa kwa mbao, na wa kumsema mtu hawajabaki wengi.

"Utaimaliza hiyo marumaru, wee!" alimtania Purnell, jirani yake, mzee mstaafu wa bandarini, akiwa amekaa kwenye ngazi zake na kikombe cha kahawa. "Wageni wanakuja kukagua nyumba, si kuposa."

"Wakitaka kuposa, mpenzi, nitawaambia wewe bado uko sokoni."

Wageni wenyewe walikuwa kamati ya urithi. Kampuni moja ilikuwa imeinunua safu nzima ya nyumba ili iibomoe, na cha kuiokoa ya Verlene kilikuwa kimoja tu: Ezra Tolliver, mchoraji ambaye picha zake leo zinatundikwa hadi Paris, alikulia humo. Kamati ikisema nyumba ni urithi, haiguswi. Ikisema siyo, Verlene atafute pa kwenda, na kodi za siku hizi hazishikiki kwa mshahara wa dobi wa hospitali. Leo hata kazini hakwenda, na siku hiyo ataikosa kwenye mshahara.

Hata hivyo hakuwa na kinyongo na mtu. Nyumba hiyo ilimfaa kuliko ndugu. Alipofiwa na mumewe, marehemu Bibi Tolliver, mama yake Ezra na mwenye nyumba wakati huo, alimhamishia ghorofa ya juu na kumkataza kutaja kodi mpaka machozi yakauke. Ndiye aliyemfundisha kusugua, kuanzia katikati kwenda pembeni. Kila alipopiga magoti Verlene alimshukuru yule mama kwa sauti, na hakujali nani anasikia.

Bwana Whitlock, mkuu wa kamati, alifika na msaidizi wake, Bi Abelson. Alipita vyumbani akigonga kuta kwa kidole.

"Madirisha haya si ya zamani."

"Ya zamani yalikuwa yanatuingizia theluji, mwanangu. Bibi Tolliver mwenyewe aliyang'oa."

"Na jiko?"

"La kwanza liliungua."

Whitlock alitikisa kichwa. Verlene alijikuta anafuta meza iliyokwisha kufutwa.

Ndipo Bi Abelson akaita kutoka nje. Alikuwa amechuchumaa mbele ya ngazi, anapapasa pale katikati palipobonyea kwa miaka ya brashi na mawe. "Bwana Whitlock, ndizo zile! Zile za kwenye picha ya Tolliver, ya mama aliyepiga magoti."

Whitlock alitoka na Verlene, akavua kofia. "Hii ni hazina," alisema taratibu.

Verlene alimkumbatia Purnell, aliyekuwa amesogea kusikiliza, akalia bila haya. "Asanteni! Mungu awabariki nyote!"

"Sisi ndio wa kukushukuru, Bi Gaskins. Umezitunza vizuri mno. Zitakaa kwenye makumbusho, mahali salama. Lori linakuja mchana huu, kabla wezi hawajaziwahi."

Verlene alifuta macho. "Zitakaa kwenye makumbusho? Na nyumba?"

"Nyumba imebadilika sana. Thamani ya urithi imebaki kwenye ngazi tu. Pole."

"Na mimi?"

"Hilo ni la kampuni."

Lori lilikuja kweli, na vibarua na mitaimbo yao. Verlene aliwaomba wangoje kidogo. Aliingia ndani, akatoka na sinia la samaki wa kukaanga na mkate, chakula alichowaandalia wageni, akawagawia vibarua wote na kuwashukuru kwa kuja na jua lile. Kisha akakaa kwenye ngazi ya katikati. Purnell alivuka kutoka kwake, akakaa ubavuni pake.

Vibarua walimtazama Whitlock. Whitlock aliinama. "Bi Gaskins, tafadhali. Tunakuomba uinuke."

Verlene alimtazama kwa upole wa kweli, hakuwa anaigiza.

"Nashukuru umeniomba, mwanangu. Walioinunua nyumba hii hawakupiga hata hodi." Akasogea kidogo, pakapatikana nafasi. "Kaa basi, ule samaki. Hapa ndipo tunapokaa."

Kibarua mmoja alilaza mtaimbo wake chini, akakaa.