Simsim juu ya Spika

Katika mtaa wetu wa Kisugu, hapa Kampala, hakuna mwenye masikio makali kama mimi. Yaani la kushoto. La kulia lilizibika zamani, na wakwe zangu wote wanajua.

Basi mkwe wangu Odyek akaja na spika tano kutoka soko la Kikuubo. Alitaka tubadilishane na zile mbili kubwa za marehemu mume wangu. Mtu anayetaka vikuukuu kuliko vipya hunitia shaka. Akapanga tatu mbele, mbili nyuma yangu, akacheza albamu ndefu ya roki yenye vinanda vya umeme, ile ambayo sauti yake hutakiwa kukuzunguka. Mwenyewe alibaki mlangoni, maana kwetu Waacholi mkwe hamkaribii mama mkwe.

"Sikia, Mama! Kinanda kinapita mgongoni kwako."

"Kinapita? Mbona hakipigi hodi?"

Sikio moja halijui mbele wala nyuma, lakini macho ninayo mawili. Nilikuwa napepeta simsim, yaani ufuta, nikanyunyiza kidogo juu ya kila spika. Kwenye za mbele simsim ikacheza kama wageni wa harusi. Kwenye za nyuma ikalala.

"Simsim ya huko nyuma ina unyevu, Mama."

"Ungo ni mmoja, mkwe."

"Basi ngoma zimetulia kidogo. Hizo spika nimezisikia mwenyewe jana, zinanguruma!"

Nikainyanyua moja ya zile za nyuma, nikaitikisa. Hapo ndipo ilipolia: ko, ko, ko. Ndani mlikuwa na kipande cha tofali tu, cha kuipa uzito.