Filamu Niliyoitia Kicheko

Mimi ndiye niliyeiharibu ile filamu, na sitaki mtu mwingine asingiziwe. Jack, mwenye ukumbi, anapenda pesa, na wapenda pesa tumewazoea. Mwenye mdomo nilikuwa mimi.

Kazi yangu ni kuwasemea watu wa kwenye filamu. Hapa Gisenyi tunaziita agasobanuye: filamu ya kigeni inachezwa, na juu yake mtu mmoja anaingiza sauti yake na kuwasemea wote, steringi, adui, mtoto, hata mbwa. Wenzangu wengi husemea Kinyarwanda. Mimi nasemea Kiswahili, kwa sababu nilizaliwa ng'ambo ya mpaka, Masisi, huko Kongo, na kwa sababu mabenchi ya Jack yanajazwa na wavuvi wa ziwani na wachuuzi wanaovuka kutoka Goma. Nilikuwa na jambo moja la kujivunia: siitazami filamu kabla ya kuisemea. Navaa hedifoni, naisemea papo kwa papo nikijirekodi kuanzia mwanzo hadi mwisho, mara moja, basi. Tunaambiana kwamba ukiijua hadithi mapema, utani unachacha. Upumbavu mtupu, lakini ndivyo tunavyofanya sote.

Jumatano Jack akaniletea filamu ya kisiwa fulani, ya enzi za zamani, inayohusu wakata miwa na wafua nguo waliokatazwa kupiga kura. Yeye alisema tu kwamba ina maandamano na watu wanapigwa. Dakika ya tano akatokea bibi mmoja mfua nguo, mnene, anatembea akiyumba, ana miwani mikubwa. Nikasema moyoni, huyu ndiye mchekeshaji. Anaingia ofisini kujiandikisha. Karani anamvua miwani, anaifungia kwenye droo, anamsukumia kitabu cha sheria na kumwambia asome ukurasa mzima. Akiusoma, ataandikwa kwenye daftari la wapiga kura.

Karani nikampa sauti ya mtu aliyeshiba, nzito, ya kujidai, na mwisho wa kila swali nikamwekea kicheko kifupi cha puani. Bibi nikampa sauti ya masenge wangu, Cansilde.

Masenge ni shangazi, dada ya baba. Huyu ndiye aliyenilea. Ana namna yake ya kusema, anavuta maneno na kila sentensi anaitanguliza kwa "bon", na tangu nikiwa shuleni nilikuwa nikimuigiza wenzangu wakigaragara kwa kucheka. Basi bibi wa kwenye filamu, kitabu mkononi na macho yamefinywa, nikamfanya aseme, "Bon, hizi herufi zimeenda sokoni, zitarudi jioni."

Nilipofika nusu saa ndipo nilipoelewa. Bibi alirudi mara ya pili, akarudi mara ya tatu, na mara ya tatu hakuwa peke yake. Walipigwa kwenye ngazi za ofisi. Alianguka na hakuinuka tena. Steringi alikuwa yeye, na mimi nilikuwa nimeshamfanya alalamikie maharage yaliyomjaza tumbo. Nilipaswa kufuta yote na kuanza upya. Jack akachungulia mlangoni akauliza kama nimemaliza, nami nikajibu nimemaliza. Sikuona hata aibu. Nilikuwa na njaa.

Kuna jambo nililijua, na ndilo linalonitia kinyaa zaidi. Enzi za Zaire, kule Masisi, Masenge akiwa msichana, alitembea nusu siku kwenda kupiga kura kwa mara ya kwanza. Karani akamuuliza babu wa babu yake alizikwa kilima gani, ili aonyeshe kwamba yeye si mgeni wa kutoka Rwanda. Alipotaja, karani akasema hakijui, akamuuliza tena, na tena, na mlolongo mzima nyuma yake ukawa unacheka. Jina lake likakatwa kwa kalamu mbele yake. Habari hiyo alinisimulia mimi peke yangu, mara moja, huku akinipa kisogo. Watoto wake mwenyewe hawaijui.

Jumapili asubuhi alinipigia simu.

"Janvier, bon, mi nakuja leo kuona kazi yako. Nyiraneza wa hapa jirani anasema iko filme ya batu benye balikatazwa kuchagula. Uniwekee kiti ya mbele."

Miaka yote hiyo hakuwahi kukanyaga ukumbini. Alidhani filamu zote ni za majambazi. Ningeweza kumwambia asije. Ningeweza kumwambia ukweli. Nikamwambia, "Karibu sana, Masenge," kisha nikakimbia kwa Jack kumwomba abadilishe filamu, au anyamazishe sauti niisemee upya mbele ya watu, kwa adabu.

"Tiketi zimeisha," Jack akasema. "Ijumaa niliwaonjesha dakika kumi, watu wakalia kwa kucheka. Sasa unataka niwape nini, misa?"

Saa nane mchana ukumbi ulijaa mpaka wengine wakakaa sakafuni. Masenge alikuja na motari, mwenye pikipiki ya abiria, kutoka Rugerero, amevaa kitenge chake cha harusi na viatu vya kufunga. Nikamketisha mbele. Akaniambia kwa sauti ndogo kwamba siku zote alikuwa akijiuliza kama ni yeye tu yaliyompata, na kumbe hata batu ya mbali yalibafikia. Kisha akakunja mikono mapajani na kusubiri.

Bibi akaingia ofisini. Sauti ya Masenge ikatoka kwenye spika mbili kubwa, na ukumbi ukalipuka. Wavuvi walipigana mabega. Mama mmoja aliinama mpaka kilemba kikaanguka. Karani alipofunga droo na kutoa kile kicheko chake, vijana walimpigia makofi, wakapaza sauti wakimtaka aulize tena. Waliokuja kutazama watu wakinyimwa haki yao wakawa wanamshangilia mnyimaji! Niliwatazama meno yao yote yale na nikawadharau.

Lakini nisijifanye msafi. Nilisimama karibu na waya wa umeme, mkono ungeufikia, na sikuuvuta. Sehemu ya "zitarudi jioni" ilipopita, nilisikia raha. Ndiyo, raha, shangazi yangu akiwa hatua nne mbele yangu, amekaa wima, hageuki. Hicho ndicho kinachonichefua mpaka leo kila nikishika maikrofoni.

Hakuondoka katikati. Alitazama mpaka bibi alipoanguka kwenye ngazi, na hata hapo mtu mmoja alicheka, kwa sababu mdomo wangu ulikuwa bado unasema mambo ya maharage. Taa zilipowashwa alipita katikati ya watu wakimwamkia, akatoka nje. Nilimkuta barabarani anasimamisha motari.

"Masenge, munisamehe. Niliisemea bila kuiangalia. Sikujua itaenda wapi."

"Ule mama, ulikuwa unamusemesha kama mi?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Bon. Haiko mi. Siku ile mi sikusema kitu. Hata neno moya."

"Nitairudia yote. Kesho. Nitaisema vizuri."

"Utairudilia nani? Batu balisha kucheka."

Motari akampa kofia ngumu. Akaivaa taratibu, akihangaika na kamba yake, nami nikanyoosha mkono nimsaidie, akausogeza mkono wangu pembeni bila ukali. Ndani ya ukumbi walikuwa wanagonga mabenchi, wanataka Jack arudishe sehemu ya miwani.

"Lakini ule karani," akasema, "ule ulimuweza. Ni ye kabisa. Hata kile kicheko ya mupua."

Akapanda pikipiki, akavuta kitenge chake kisiguse tairi, kisha kwa mara ya kwanza siku ile akanitazama usoni.

"Mi nilizani tulimuacha kule."